Akassa: Mshindani Alipokabidhiwa Forodha

Akassa ni mji mdogo kwenye mlango wa mto Nun, tawi mojawapo la mto Niger, kusini mwa Nigeria. Mwishoni mwa karne ya 19, Kampuni ya Kifalme ya Niger ilikuwa na maghala, karakana na forodha yake hapo. Kampuni hiyo ya George Goldie ilipata hati ya Malkia Victoria mwaka 1886, ikaruhusiwa kutawala, kuweka askari na kutoza ushuru huku ikiendelea kununua na kuuza. Tumezoea kusikia kwamba kampuni za Ulaya ziliwashinda wafanyabiashara wa Kiafrika kwa mtaji na meli za mvuke. Kwa Akassa, maelezo hayo hayatoshi. Wenyeji walishindwa kwa sababu mshindani wao wa sokoni alipewa mamlaka ya dola.

Wenyeji hao ni watu wa Nembe, ambao Waingereza waliwaita watu wa Brass. Kwa miaka mingi walinunua mawese kwenye masoko ya bara, wakayashusha kwa mitumbwi mpaka pwani na kuwauzia Wazungu. Viwanda vya Uingereza viliyahitaji kwa sabuni, mishumaa na kulainishia mashine. Nchi ya Nembe ni ya vinamasi na mikoko, kilimo chake ni haba, kwa hiyo biashara ndiyo iliyowapa chakula. Kisha mipaka ikachorwa. Nembe ikawekwa chini ya himaya ya Kiingereza ya pwani, na masoko yake ya zamani yakaangukia upande wa kampuni. Hivyo mtu wa Nembe akahesabiwa kuwa mgeni mahali alipofanya biashara babu yake. Alitakiwa kulipia leseni pauni 50 kwa mwaka, na ushuru juu yake. Aliyekwepa aliitwa mfanya magendo, na mali yake ikakamatwa.

Wapo watakaosema kwamba hati yenyewe ilikataza ukiritimba, na kwamba masharti hayo hayakutaja kabila wala rangi ya mtu. Ni kweli, kwa maandishi. Lakini kanuni hupimwa kwa anayeumia nayo. Ada ambayo mwenye mitumbwi michache hakuimudu haikuipunguzia kampuni hata senti moja, kwani ndiyo iliyoitoza na kuiweka mfukoni. Hukumu hii hata Waingereza waliifikia. Serikali yao ilimtuma Sir John Kirk kuchunguza, yule yule aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar enzi za Sultani Barghash. Kirk alikiri kwamba kanuni za kampuni ziliwafungia kabisa watu wa Nembe njia ya biashara, na kwamba malalamiko yao yalikuwa ya haki.

Uchunguzi huo ulikuja baada ya damu kumwagika. Alfajiri ya tarehe 29 Januari 1895, Mfalme Koko wa Nembe aliongoza watu zaidi ya 1,000 kwa mitumbwi ya vita, wakaivamia Akassa, wakavunja mitambo, wakapora maghala na kuondoka na mateka. Mwezi uliofuata Waingereza waliishambulia Nembe na kuiteketeza. Hapa pingamizi zito zaidi ni kwamba wavamizi waliua wafanyakazi wa kampuni, wakawaua na mateka wengi, na kwamba koo za wafanyabiashara wa Nembe ziliwahi kutajirika kwa kuuza watumwa. Yote mawili ni kweli, na mauaji ya mateka hayana utetezi. Hata hivyo, ukatili wa aliyenyang'anywa hauhalalishi unyang'anyi uliotangulia. Wala kampuni haikuweka forodha Akassa ili kuwaadhibu wauza watumwa wa zamani. Ilichotaka ni mawese, na ilitaka kuyanunua bila mshindani.

Koko alikataa kujisalimisha, akafariki mwaka 1898. Hati ya kampuni ilifutwa tarehe 31 Desemba 1899. Serikali ya Uingereza ikailipa fidia ya pauni 865,000, nayo ikaendelea na biashara hadi ilipouzwa kwa Lever, mtengenezaji wa sabuni, mwaka 1920. Kati ya pande mbili zilizopigania masoko yale, iliyofidiwa ni ile iliyoyafunga.