Albania: Timu za Jeshi na Polisi Katika Ligi ya Nchi Ndogo

Timu za majeshi katika ligi za kandanda si jambo geni katika sehemu hii ya Afrika. Rwanda wanayo APR, Kenya wanayo Ulinzi, na kila moja imewahi kuwa bingwa wa nchi yake. Kwa hiyo yafaa leo tuitazame nchi moja ya Ulaya ambako timu ya jeshi na timu ya polisi zilitawala ligi kwa miaka mingi, kisha zikaanguka. Nchi hiyo ni Albania.

Albania inapakana na Ugiriki upande wa kusini. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 28,748, yaani inaizidi Burundi kidogo tu. Ubingwa wa taifa ulianza kushindaniwa mwaka 1930, na bingwa wa kwanza alikuwa timu ya mji mkuu, Tirana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wakomunisti walishika madaraka, na michezo ikawekwa chini ya dola. Mwaka 1946 jeshi likaunda timu ya Partizani. Mwaka 1950 Wizara ya Mambo ya Ndani, iliyosimamia polisi na usalama, ikaunda Dinamo.

Tangu mwaka 1947 hadi 1964 ubingwa ulitolewa mara 17. Partizani iliuchukua mara 10, na Dinamo mara 7. Hakuna timu nyingine iliyouonja.

Je, nguvu hiyo ilitoka wapi? Mazoezi na nidhamu vilikuwapo, lakini hayo si yote. Kila kijana wa kiume ilimpasa kulitumikia jeshi. Mchezaji hodari wa mji wa mbali alipoitwa kutumikia taifa, njia ya kuingia katika timu hizo mbili ilikuwa wazi. Timu za mikoani zilipanda, na timu za dola zikavuna.

Si haki kusema kwamba utaratibu huo haukuwa na manufaa. Tarehe 17 Desemba 1967, mjini Tirana, timu ya taifa ya Albania ilitoka sare bila bao na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa imecheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka uliotangulia. Kwa sare hiyo Wajerumani walikosa kuingia katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 1968.

Hata hivyo, mwaka huo huo ligi yenyewe ilipata doa. Timu ya mji wa Tirana, ambayo siku hizo iliitwa 17 Nëntori, ilikuwa ikiongoza msimamo. Michezo ilipokaribia kwisha, timu hiyo na Partizani ziliondolewa katika mashindano, na ubingwa ukaenda kwa Dinamo, timu ya wizara. Mpaka leo wapenzi wa Tirana hawajauridhia uamuzi huo.

Utawala wa Kikomunisti ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkono wa dola uliondoka. Ndipo mizani ikageuka. Partizani ilitwaa ubingwa mwaka 1993, kisha ikakaa miaka 26 bila kuupata tena, na katika miaka hiyo ikashuka daraja zaidi ya mara moja. Dinamo nayo ilichukua ubingwa mwaka 2010, lakini mwaka 2012 ikashuka daraja. Timu zilizozoea kupewa wachezaji zililazimika kujifunza kuwatafuta na kuwakuza.

Partizani ilipochukua tena ubingwa mwaka 2019, haikuwa tena timu ya jeshi. Na mwaka 2024 ubingwa ulikwenda kwa mara ya kwanza kwa Egnatia, timu ya mji mdogo wa Rrogozhinë.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Amri inaweza kumleta mchezaji uwanjani, lakini haiwezi kumfanya raia aamini kuwa ushindi ulikuwa wa haki. Timu ya askari ina mali ambayo haitegemei amri ya wizara yoyote: kuamka mapema, kumtii mwamuzi, na kukubali kushindwa bila fujo. Ikishinda kwa mali hiyo, hata aliyeshindwa ataipigia makofi. Ikishinda kwa upendeleo, siku upendeleo utakapoondoka, na ushindi utaondoka nao.