Ukitaka tovuti, mjue kwanza mwenye kiwanja!

Haya msomaji wangu, wiki hii tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na misuko ya nywele. Kuna jambo linawasumbua wafanyabiashara wengi hapa mjini, nao wanaona haya kuuliza. Mtu ana saluni yake, ana gereji yake, ana duka lake la vipodozi, kaambiwa siku hizi biashara bila tovuti haiendi. Anakwenda kwa kijana wa kompyuta, kijana anamuuliza, "Unataka mkia gani, mzee?" Mzee anabaki kakodoa macho.

Mkia ni zile herufi zinazokuja mwisho wa jina la tovuti, baada ya nukta. Kuna .com, kuna .co.tz, kuna .org, kuna .tv, na mingine mingi kuliko daladala za Kariakoo. Watu wengi wanauchagua kama wanavyochagua kitenge: unaong'aa, au wa bei poa. Hapo ndipo wanapojiponza. Jina la tovuti hulinunui moja kwa moja, bwana, unalikodi. Kila mwaka unalipa kodi, na mkia ndio unaokuonyesha mwenye mali ni nani. Yaani mkia ni kiwanja, na jina lako ni kibanda ulichojenga juu yake. Sasa wewe utajengaje kwenye kiwanja cha mtu usiyemjua?

Nayasema haya kwa kuwa mwezi uliopita yalimfika shangazi yangu, anayeshona magauni ya vitenge pale Kinondoni. Nilikwenda kumsalimia, nikamkuta kashika kichwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Kijana mmoja anasema nichukue .tv kwa kuwa nataka kuonyesha video za mitindo. Mwingine anasema .com ndiyo ya kimataifa. Wa tatu anasema kuna ya bure. Na hapa fundi wa lebo ananingoja, nataka lebo 1,000 zenye jina la tovuti. Niandike lipi?"

Si jambo dogo hilo. Lebo ikishashonwa kwenye gauni, na gauni likaenda Mwanza, Nairobi au Muscat, utalifuata wapi ukaing'oe? Jina likifa, lebo zote 1,000 zinamwelekeza mteja mahali pasipo na mtu. Basi nikavuta kigoda, tukaanza kuchambua.

.tv si televisheni

Mikia ina koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza ni wa mikia ya jumla, isiyo ya nchi yoyote. Humo ndimo mlimo .com, .net na .org, iliyoanza mwaka 1985. Hiyo .com ilikusudiwa makampuni ya biashara, na jina la kwanza kuandikishwa lilikuwa la kampuni ya kompyuta ya Marekani iitwayo Symbolics, tarehe 15 Machi 1985. Leo majina ya .com yamepita milioni 150! Ndiyo maana ukitafuta jina fupi tamu, mara nyingi unakuta mtu keshakaa. Na wengine hawalitumii, wamelishikilia tu wakingoja wewe uje ulinunue kwa bei ya kuruka. Wale walanguzi wa sukari wa enzi zile, wenzao sasa wako kwenye intaneti.

Ukoo wa pili ni wa nchi, kila nchi na herufi zake mbili. Sisi .tz, Kenya .ke, Uganda .ug. Na hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Ile .tv haina undugu na televisheni. Ni ya Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo katika bahari ya Pasifiki, yenye watu kama 11,000. Ukiwakusanya wote hawajazi hata robo ya Uwanja wa Mkapa. Mwaka 2000 walikodisha mkia wao kwa kampuni ya Marekani, makubaliano ya dola milioni 50 kwa miaka 12, na mwaka huo huo wakaingia Umoja wa Mataifa, sehemu ya gharama ikitoka kwenye fedha hizo. Wajanja wale!

"Kumbe mwenzenu nilikuwa nahamia baharini," shangazi akasema.

Vivyo hivyo .me ni ya Montenegro na .co ni ya Kolombia. Kuwa na mkia wa nchi nyingine si kosa, wapo wengi wanaotumia na biashara zao zinakwenda. Lakini ukikaa kwenye kiwanja cha mtu, utafuata sheria za mwenye kiwanja. Mwaka 2010 tovuti iliyoitwa vb.ly ilinyang'anywa jina lake, kwa sababu .ly ni ya Libya, na wakubwa wa kule walisema yaliyomo hayapatani na sheria na maadili yao.

Nchi nazo zinabadilika. Majirani zetu wanajua. Zaire ilikuwa na mkia wa .zr. Mwaka 1997 Mobutu akaondoka, nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukaja mkia wa .cd, na mwaka 2001 ule wa .zr ukafutwa kabisa. Usidhani ni mambo ya Afrika peke yake. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, wengi waliokuwa wakiishi kule na kutumia mkia wa .eu wakaambiwa hawana tena haki nao. Tarehe 1 Januari 2021 majina kwa makumi ya maelfu yakasimamishwa.

Cha bure ghali

Na ile ya bure je? Kwa miaka mingi kampuni moja ya Uholanzi iligawa bure majina yenye mikia ya nchi ndogo au zisizo na uwezo mkubwa: .tk ya visiwa vya Tokelau, .ml ya Mali, .ga ya Gabon na mingineyo. Vijana walichangamkia. Matapeli nao wakachangamkia zaidi, maana ukifungiwa jina moja la bure unachukua jingine. Matokeo yake mtu akiona mkia wa namna hiyo anaogopa kubonyeza. Mwezi Juni 2023 Gabon ikajichukulia mkia wake, na majina yapatayo milioni 7 yakafutwa. Mwezi Februari 2024 ile kampuni ikatangaza kuacha biashara hiyo. Fikiria wewe ndiye ulikuwa na lebo zako humo.

Shangazi akanyamaza, kisha akauliza swali la maana kuliko yote: "Sasa mimi nikae wapi?"

Nikamwambia, angalia kwanza wateja wako wako wapi. Kama unauza zaidi hapa nchini, .co.tz inatosha na inaeleweka. Mteja akiiona anajua duka liko Tanzania, na msimamizi wa mkia wenyewe yuko nyumbani, si ng'ambo. Majina mazuri bado yapo mengi kuliko kwenye .com. Shule ina .sc.tz, chuo .ac.tz, asasi .or.tz, serikali .go.tz. Watu wa hoteli nao wametengewa .hotel.tz. Anayesema .co.tz ni ya kishamba mwulize mbona mabenki wanaitumia. Kama unauza sana nje, .com inafahamika kila mahali, na tangu mwaka 2017 upo pia mkia wa .africa, unaosimamiwa kutoka Afrika Kusini.

Lakini kuna mtego mmoja. Watu wamezoea .com. Unaweza kumwambia mteja .co.tz mara tatu, akifika kwenye simu vidole vinaandika .com. Akikuta huko duka la mwingine, ndiyo kwaheri. Usifikiri ni wateja wetu tu. Mwaka 2023 magazeti ya dunia yaliandika kwamba barua pepe kwa maelfu zilizokuwa zinakwenda jeshi la Marekani, lenye mkia wa .mil, zilipotelea kwenye .ml ya Mali. Herufi moja tu!

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, tazama jina lako limeshikwa na nani kwenye mikia mingine. Tulipotazama la shangazi, .com ilikuwa imeshikwa na mlanguzi wa nje, anataka dola 2,000.

"Aka! Kwa jina langu mwenyewe, nililopewa na bibi?"

Tukaongeza neno "mitindo" mbele ya jina, tukakuta liko wazi kote, .co.tz na .com. Akachukua yote mawili, moja likimwelekeza mteja kwenye lingine. Kodi mbili kwa mwaka, lakini hazifiki bei ya gauni moja la harusi.

Hati iwe na jina la nani?

La mwisho, na hili ukilisahau hayo yote ya juu ni bure. Ukishachagua mkia, hakikisha jina linaandikishwa kwa jina lako, kwa barua pepe yako na simu yako. Si ya fundi. Namjua jamaa mmoja mwenye gereji Ilala, kijana aliyemtengenezea tovuti alijiandikisha mwenyewe kama mwenye jina. Kijana akapata kazi mkoani, simu haipatikani, mwaka ukaisha, kodi haikulipwa. Jamaa hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba lile jina ni lake. Amelipaka kwenye ukuta wa gereji kwa rangi nyekundu, mpaka leo liko pale na halifunguki.

Uliza pia bei ya mwaka wa pili. Kuna mikia ya mwaka wa kwanza unaitwa kwa bei ya karanga, wa pili unakamuliwa. Tarehe ya kulipa iandike kwenye kalenda ya ukutani. Ukichelewa huwa kuna siku chache za kujiokoa, tena kwa faini, na zikipita walanguzi wanalidaka.

Basi msomaji wangu, ukienda kwa kijana wa kompyuta akakuuliza unataka mkia gani, na wewe mwulize: mwenye kiwanja nani, kodi ya mwaka ujao kiasi gani, na hati itaandikwa jina la nani? Akibabaika, nyanyuka, mafundi wako wengi mjini.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.