Mvua ikianguka samaki wanapanda: juu ya nini mto unafungwa, na mpumbu wa Luapula alipotelea wapi

Sokoni Fungurume swali ni lilelile kila mwaka, Desemba na Januari: «Mama, samaki iko kadogo hivi, juu ya nini?» Mvua inanyesha, Dipeta imejaa, Lufira imejaa, lakini juu ya meza kuna thomson ya friji, makayabu na vidagaa vikavu. Anayeleta samaki wabichi wa mtoni anauza kwa kujificha, maana uvuvi umefungwa.

Watu wanaona ni jambo la ajabu. Kwa nini kufunga mto katika miezi ileile ambayo samaki wanashikwa kwa urahisi? Jibu ni hili: wanashikwa kwa urahisi kwa sababu wako safarini, na tumbo limejaa mayai. Tuieleze safari hiyo, tuone jirani zetu wa Luapula walipoteza nini walipoikata, kisha tuulize kama mabwawa ya kufugia samaki yanaweza kutuokoa.

Samaki wanapanda kwenda wapi?

Mvua za kwanza zinabadilisha mto. Maji yanapanda, yanageuka rangi, yanaingia kwenye majani ya kando. Kwa samaki wengi wa kwetu hiyo ndiyo alama. Wale waliokaa ziwani au kwenye vina virefu wakati wa kiangazi wanaanza kupanda wakifuata maji mapya. Wengine wanakwenda mbali kupitia mto mkubwa. Wengine, kama kambale, wanatoka usiku na kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji kidogo tu, mahali ambapo mtu anaweza kuwashika kwa panga au kwa kikapu.

Huko wanaachia mayai. Yai la kambale halikai sana: maji yakiwa ya vuguvugu, kwa siku moja au moja na nusu linaanguliwa. Kambale halindi watoto wake. Wanakua wenyewe ndani ya majani, wanakula vidudu, na maji yakianza kushuka wanarudi mtoni. Tilapia ana njia nyingine. Dume anachimba kiota chini ya maji, na kwa aina nyingi za kwetu jike anabeba mayai na watoto mdomoni kwa muda wa wiki mbili hivi. Ukimshika jike huyo, umeshika pia familia yake yote.

Kwa hiyo samaki mmoja wa Januari si sawa na samaki mmoja wa Agosti. Yule wa Agosti ni chakula cha leo. Yule wa Januari ni chakula cha leo pamoja na mavuno ya miaka miwili ijayo.

Mpumbu wa Luapula

Wazee waliokaa Kasenga au Lubumbashi zamani wanalijua jina la mpumbu. Ni samaki mwenye magamba makubwa, mdomo wake umetazama chini kwa kukwangua matope na mawe. Alikaa ziwa Mweru. Wakati wa mafuriko alipanda mto Luapula kwa makundi makubwa mpaka karibu na maporomoko ya Mambilima, akaachia mayai, akarudi ziwani.

Mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulikuwa unakua. Wafanyakazi wa migodi walihitaji kula. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, kando ya Luapula, wakaleta boti, barafu na malori, na samaki wa Mweru na Luapula wakaanza kulisha mji wa shaba. Nyavu za makila ziliongezeka kila mwaka, na mahali pazuri pa kuzitega palijulikana: pale mtoni, mpumbu wanapopita wote pamoja. Hata mayai yake yalitiwa chumvi na kuuzwa peke yake, kwa bei nzuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuingia miaka ya 1950 makundi yale yakakatika. Ziwa halikukauka, na hakuna ugonjwa uliowaua. Samaki walikamatwa kabla hawajazaa, mwaka baada ya mwaka, mpaka wa kupanda wakawa wachache. Na mto ulikuwa wa serikali mbili, Wabelgiji upande huu na Waingereza upande ule. Upande mmoja ukizuia, upande wa pili samaki ni walewale.

Baadaye wavuvi waligeukia pale, yaani tilapia wa Mweru. Kuanzia miaka ya 1980 uvuvi wa chisense ukawa mkubwa: ni vidagaa vidogo vinavyoshikwa usiku kwa taa. Ukiona leo sokoni kilo ya samaki wadogo kama kidole, ujue kwamba babu yako, katika mji uleule, alikula mpumbu wa kujaza sahani.

Si Luapula peke yake. Ziwa Victoria lina ndugu wa mpumbu, anaitwa ningu. Naye alikuwa akipanda mito wakati wa mvua, kama vile Nzoia kule Kenya. Naye alitegewa nyavu kwenye midomo ya mito, na kabla ya mwaka 1965 upungufu wake ulikuwa umekwisha kuandikwa na wataalamu. Maji mawili tofauti, kosa moja: kutega mlangoni.

Kwetu Lualaba maji yanakwenda vipi?

Dipeta ya Fungurume inashuka kwenda Lufira. Lufira inakwenda kaskazini, inapita maporomoko ya Kiubo, na kukutana na Lualaba kule kwenye maziwa ya Upemba, upande wa Kisale. Kwa hiyo kila kitu tunachotupa Dipeta kinaanza safari ya kushuka kwenda kwa wavuvi wengine. Na sehemu ya samaki wakavu tunaokula inatoka hukohuko, Bukama na Upemba, wakipanda na reli mpaka Tenke.

Upande wa Kolwezi kuna ziwa Nzilo, lililotengenezwa kwa bwawa la umeme juu ya Lualaba katika miaka ya 1950. Upande wa Likasi kuna ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha la mwaka 1930. Maziwa hayo yamelisha watu wengi, na tilapia anayapenda maji yaliyotulia. Lakini ukuta wa bwawa ni mlango uliofungwa kwa samaki anayetaka kupanda. Kwetu Mungu alitangulia kuweka kuta zake, maporomoko na makorongo. Ndiyo maana sehemu za mto ambazo bado ziko wazi zina thamani kubwa.

Tena kuna tope na asidi. Mahali madini yanaposafishwa mtoni, udongo unashuka na kukaa juu ya mawe na majani ambapo mayai yamelala. Yai likifunikwa na tope halipati hewa, linakufa. Uchafu wa kiwanda ni mbaya zaidi. Tarehe 18 Februari 2025 kule Zambia, ukuta wa bwawa la maji machafu ya mgodi ulivunjika, asidi ikaingia mto Mwambashi na kisha Kafue. Samaki wakafa kwenye umbali mrefu wa mto. Hapo hakuna kufunga uvuvi kunakosaidia: mvuvi anaweza kukaa nyumbani miezi mitatu, lakini maji yenyewe yakiua, amefunga bure. Serikali inayomwambia mvuvi akunje wavu ina deni la kusema na mwenye mgodi kwa sauti ileile.

Na alevini za bwawani?

Wengi wanasema: tuzalishe alevini, yaani watoto wa samaki, tujaze mito. Wazo hilo si jipya. Katanga ilikuwa mojawapo ya mahali pa kwanza Afrika kujifunza ufugaji wa tilapia. Kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilifanya kazi hiyo tangu wakati wa Wabelgiji, na mwisho wa miaka ya 1950 nchi nzima ilihesabu mabwawa ya familia zaidi ya 100,000. Mengi yaliachwa baadaye. Tilapia wakiachwa wenyewe wanazaana mno, bwawa linajaa visamaki visivyokua, na mtu wa kufundisha alikuwa hayupo tena.

Leo mafundi wanazalisha alevini za kambale kwa sindano: jike anachomwa dawa ya kuivisha mayai, mayai yanakamuliwa, yanachanganywa na mbegu ya dume, yanawekwa kwenye maji safi yanayotembea. Hata ningu ameshazalishwa hivyo Uganda. Watafiti waliandika kazi hiyo mwaka 2004. Kwa hiyo inawezekana. Kwa familia ya Fungurume yenye kiwanja na maji safi, bwawa ni jambo jema. Kumbuka tu kwamba huku kwetu Juni na Julai maji yanakuwa ya baridi, tilapia anakula kidogo na anakua polepole. Panga mavuno kabla ya baridi hiyo, au ngoja joto la Septemba lirudi.

Lakini bwawa halirudishi mto. Marekani wamejaribu kwa zaidi ya miaka mia moja. Wana samaki anaitwa samoni: anazaliwa mtoni, anakwenda kukulia baharini, anarudi mto uleule alikozaliwa ili azae. Walijenga mabwawa makubwa ya umeme. Kwa mengine, kama Bonneville la mwaka 1938, waliweka ngazi za maji ili samaki apande. Lingine, Grand Coulee, lilifunga njia kabisa. Wakajenga vituo vya kuzalisha watoto wa samoni na kuwaachia mtoni kwa mamilioni. Pamoja na hayo, makundi mengi ya samoni wa asili bado yako kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Mwaka 2024 walimaliza kubomoa mabwawa manne ya mto Klamath, na kabla ya mwaka kuisha samoni walionekana juu ya mahali kuta ziliposimama. Kilichowarudisha pale ni njia kufunguliwa.

Jambo lingine: usimwage mtoni samaki wa bwawa anayetoka mbali. Kule Kafue tilapia wa Nile alitoroka kwenye mabwawa ya ufugaji, akachanganyika na tilapia wa asili, na sasa kumtenganisha haiwezekani.

Mtu wa Fungurume afanye nini?

Zambia inafunga uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, isipokuwa maji machache kama Tanganyika na Kariba. Majimbo yetu nayo yanatoa tangazo lake. Usikie tarehe za mwaka wenyewe kabla ya kutia mtumbwi majini.

Tuseme ukweli: miezi hiyo ni migumu. Mahindi mapya bado, akiba imeisha, watoto wanadai ada. Kumwambia mvuvi «ngoja» bila kumwonyesha atakula nini ni kumsukuma avue usiku. Ndiyo maana akiba ya samaki wakavu wa Septemba na Oktoba, bwawa dogo la nyumba, na likelemba ya wavuvi vinafaa kupangwa kabla mvua haijaanza.

Mambo matatu yako mikononi mwetu sisi wenyewe. Usitege wavu wa kufunga mto kutoka ukingo mpaka ukingo. Usivue kwa mustikeri. Inakomba hata watoto ambao hawajafikia ukubwa wa punje ya mchele. Na mama sokoni, ukiletewa Januari samaki mwenye tumbo la mayai, ukatae. Mvuvi akikosa mnunuzi siku mbili, siku ya tatu haendi.

Mpumbu walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyefikiri wataisha. Samaki wa Lufira na wa Nzilo bado wapo. Mvua hii tuwaache wapande.