Simu, Samaki na Matapeli: Usalama wa Mtandaoni Takawiri

Kompyuta inayotumika zaidi Takawiri ni simu ya mkononi. Kisiwa hiki kidogo cha Kaunti ya Homa Bay, kati ya Mbita na Mfangano, kinaishi kwa omena, mbuta na ngege, na biashara hiyo hupita kwenye simu tangu mwanzo hadi mwisho. Bei huulizwa kwa WhatsApp, malipo huja kwa M-Pesa, mkopo wa nyavu huombwa kwenye programu, karo hulipwa kwa namba ya paybill. Tangu kampuni ya simu ya Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Machi 2007, mwenye simu amebeba mfukoni benki, daftari la wateja na barua zake zote kwa pamoja. Anayeinyakua simu hiyo, au anayemdanganya mwenyewe, huvuna vyote kwa mpigo mmoja.

Kuvunja mfumo wa benki au wa kampuni ya simu ni kazi ngumu na ya gharama, na mifumo hiyo ina watu wanaoilinda usiku na mchana. Kumshawishi mtu aliyekesha ziwani abonyeze tarakimu nne ni rahisi zaidi. Ndiyo maana wizi mwingi wa mtandaoni hupitia kwa mwenye mali mwenyewe, na silaha yake kubwa ni haraka. Tabia karibu zote za usalama zinazofaa hufanya kazi moja: kuweka muda kidogo kati ya ujumbe kuingia na kidole kubonyeza.

Ujumbe bandia wa malipo unaonyesha jambo hilo vizuri. Mnunuzi anayejidai yuko Kisumu anaagiza magunia ya omena. Boti inakaribia kuondoka kwenda Mbita, nahodha anapiga kelele, na hapo hapo simu inalia: pesa zimeingia. Ujumbe una kila kitu, kuanzia msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu 10 hadi kiasi, jina la mtumaji, tarehe na saa. Kasoro zake ni mbili. Umetoka kwa namba ya kawaida ya simu, ilhali ule halisi huja chini ya jina MPESA. Tena salio lililoandikwa mwishoni halilingani na pesa zilizokuwapo, kwa sababu tapeli hana njia ya kulijua. Macho ya muuzaji huenda moja kwa moja kwenye kiasi, na tapeli anategemea hivyo. Kinga ni kupiga *334# au kufungua programu ya M-Pesa na kuangalia salio lenyewe kabla gunia la kwanza halijapakiwa. Salio ndilo ushahidi. Ujumbe ni tetesi tu.

Mchezo huo una ndugu yake: baada ya ujumbe bandia, mtu hupiga simu akilia kwamba ametuma pesa kimakosa na anaomba arudishiwe. Aliyekosea kweli hana haja ya huruma ya mpokeaji, kwani anaweza kuupeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456 na kuomba muamala ubatilishwe. Mpokeaji anayetuma kutoka mfukoni mwake mara nyingi hurudisha pesa ambazo hazikuingia kamwe.

Upo pia ule ujumbe maarufu nchini Kenya unaosema ile pesa itumwe kwa namba hii mpya. Unaonekana wa kijinga mpaka hesabu yake ieleweke. Mtumaji hamjui anayemwandikia. Huusambaza kwa watu wengi bila kuchagua, na miongoni mwa watu 1,000 hawakosekani wachache ambao siku hiyo hiyo wanadaiwa na fundi wa boti, mwenye nyumba au mjomba. Hao hudhani ni yule wanayemjua. Kumpigia mdai kwa namba yake ya zamani huchukua nusu dakika na humaliza mchezo. Tapeli akipiga simu badala ya kuandika, lafudhi ya nyumbani nayo haithibitishi chochote. Anayeongea Dholuo safi kabisa anaweza kuwa mwizi kama yeyote mwingine. Simu rasmi za Safaricom kwa wateja hutoka namba 0722 000 000, na hata huko hakuna mhudumu anayestahili kuulizia namba ya siri.

Hila ya kuhamisha laini ni nzito zaidi. Namba ya simu haikai ndani ya kadi ya laini. Imo kwenye rejesta ya kampuni, ambayo husema namba fulani kwa sasa inatumia kadi fulani. Tapeli mwenye majina kamili na namba ya kitambulisho cha mtu anaweza kujifanya mwenye laini aliyepoteza simu, akaomba namba ile ifungwe kwenye kadi yake mpya. Akifaulu, simu na misimbo yote ya uthibitisho humwendea yeye. Dalili ya kwanza kwa mwenyewe ni mtandao kukatika ghafla, na hapo wavuvi wana hatari ya pekee, kwa kuwa ziwani mtandao hupotea kila siku na hakuna anayeshtuka. Kipimo kizuri ni ufukweni. Ikiwa simu za jirani za kampuni ile ile zinashika na moja imekufa hata baada ya kuzimwa na kuwashwa, mwenyewe aazime simu na kupigia kampuni mara moja. Wateja wa Safaricom hupiga *100*100# ili laini yao isihamishwe na wakala yeyote, na *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Nakala za vitambulisho zinazoachwa ovyo madukani ndizo malighafi ya wizi huu.

Akaunti ya WhatsApp huibwa kwa njia nyepesi kuliko hiyo. Tapeli huingiza namba ya mtu kwenye simu yake, WhatsApp ikatuma msimbo wa tarakimu 6 kwa mwenye namba, kisha tapeli, akijifanya mwanachama wa kikundi cha akina mama au cha kanisa, akamwomba amsomee. Msimbo ukisomwa, akaunti imekwenda, na marafiki wote huanza kuombwa mkopo wa dharura. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna uthibitishaji wa hatua mbili, unaoongeza namba ya siri ya tarakimu 6 anayoichagua mwenyewe. Kuuweka huchukua dakika chache.

Namba ya siri ya M-Pesa ina tarakimu 4, yaani michanganyiko 10,000. Ni michache, lakini mfumo hujifunga baada ya makosa machache, hivyo kukisia ovyo hakufui dafu. Kinachofua dafu ni kukisia kwa akili, na mwaka wa kuzaliwa, ulioandikwa kwenye kitambulisho chenyewe, ndio hujaribiwa mapema.

Nywila za barua pepe na Facebook zina hesabu nyingine. Nywila ya herufi ndogo 8 ina michanganyiko kama bilioni 209, idadi inayotia moyo. Lakini tovuti ikidukuliwa na ikawa ilihifadhi nywila kwa njia dhaifu, mashine ya mdukuzi inayojaribu bilioni 10 kwa sekunde huimaliza yote kwa sekunde 21. Herufi zikiwa 16, zimechaguliwa bila mpango, mashine ile ile huhitaji zaidi ya miaka 130,000. Urefu unashinda ujanja. Mwaka 2003, Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliohimiza alama za ajabu na kubadilisha nywila mara kwa mara. Mwaka 2017 alisema hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri huo, na taasisi ikaubadilisha mwaka huo huo. Watu walikuwa wametoka kwenye Omena@2016 kwenda Omena@2017, hatua ambayo programu ya udukuzi huikisia bila jasho. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yakichanganywa Kiswahili, Dholuo na Kisuba, ni marefu na hukumbukika. Kila akaunti muhimu iwe na nywila yake, kwa sababu nywila iliyovuja mahali pamoja hujaribiwa kila mahali. Kuiandika kwenye daftari lililofungiwa nyumbani si dhambi, maana mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini. Kuiandika nyuma ya kava la simu ni jambo jingine kabisa.

Viungo vinavyotumwa kwa ujumbe husomwa kwa kuanzia mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza ukiacha ile ya https://. Anwani za serikali ya Kenya huishia .go.ke, kama ecitizen.go.ke. Anwani inayoandikwa ecitizen.go.ke.jina-lolote.com ni mali ya aliyenunua jina-lolote.com, hata kama mwanzo wake unapendeza. Alama ya kufuli kwenye kivinjari husema tu kwamba mazungumzo kati ya simu na tovuti yamefichwa. Haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu, na matapeli nao huweka kufuli.

Yapo mambo ambayo mtumiaji mmoja hawezi kuyazuia. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliielekezea eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mafuriko ya maombi bandia hadi huduma nyingi za serikali zikakwama, na ununuzi wa tokeni za umeme na malipo ya simu vikatatizika. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea. Siku kama hizo, anayejitolea kusaidia kwa njia ya mkato au kwa namba nyingine ya malipo apewe kisogo.

Kusasisha programu huahirishwa kwa sababu ya bei ya bando, na sababu hiyo ina uzito kisiwani. Hata hivyo kisa cha programu hasidi ya WannaCry kinaonyesha gharama ya kuahirisha. Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu wa Windows Machi 2017. Miezi miwili baadaye, Mei 12, programu hiyo hasidi ilisambaa katika nchi zipatazo 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai malipo kwa bitcoin. Kompyuta zilizokuwa zimewekewa kiraka hazikuingilika kupitia udhaifu ule. Mwenye bando dogo anaweza kusubiri mtandao wa Wi-Fi wa shuleni au ofisini Mbita, mradi asisubiri mwaka mzima. Simu kuukuu ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho bado inafaa kwa mazungumzo na picha. Kwa pesa nyingi, hapana.

Programu zenyewe zipatikane kwenye duka rasmi, si faili linalorushwa kwa Bluetooth au kwenye kikundi. Za mikopo zinahitaji jicho kali, hasa kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa na mifuko inapokauka. Programu ya mkopo inayodai kusoma orodha ya majina kwenye simu inajitafutia watu wa kuwasumbua mkopaji akichelewa. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya 2019, iliitoza Mulla Pride, mwenye programu za KeCredit na Faircash, Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa wengine. Wakopeshaji wa kidijitali hupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya, na orodha yao hutangazwa. Mwezi ule ule wa adhabu ya Mulla Pride, Kamishna huyo aliitoza pia Shule ya Roma jijini Nairobi Sh4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi, jambo ambalo walimu wanaopenda kupamba kurasa za shule zao wangefaa kulikumbuka.

Vifaa vya pamoja vina kanuni zake. Kisiwani Mfangano, kituo cha Ekialo Kiona chenye umeme wa jua kilifungulia wakazi kompyuta na intaneti kwa sharti la kupima virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi 6. Mahali pa aina hiyo, kama ilivyo kwenye saiba za Mbita na Homa Bay, kompyuta moja hupitia mikono mingi kwa siku. Anayeinuka atoke kwanza kwenye akaunti yake, akatae kivinjari kikimwuliza kama kihifadhi nywila, na afute mafaili aliyopakua. Vibandani mwa kuchaji simu hatari ni ya kawaida zaidi: simu isiyo na kufuli hukaa saa nzima mikononi mwa mtu mwingine. Kufuli ya skrini, na namba ya siri ya kadi yenyewe ili isifanye kazi ikihamishiwa simu nyingine, hutosha. Picha na majina ya wateja yawe na nakala rudufu mahali pengine, maana simu nyingi za wavuvi haziibwi na mdukuzi, huzama.

Wizi ukishatokea, mpangilio wa hatua una maana kubwa. Kwanza kampuni ya simu ipigiwe ili laini na akaunti ya pesa zifungwe, kwani kila dakika pesa husogea kwa namba nyingine au hutolewa kwa wakala. Kisha nywila ya barua pepe ibadilishwe kabla ya nyingine zote, kwa kuwa ndiyo hutumika kufungua zilizobaki. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa bila malipo kwa namba 333 ya Safaricom. Taarifa za uhalifu hupokelewa na idara ya upelelezi, DCI, kwa 0800 722 203 au katika kituo cha polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 iliufanya udanganyifu wa kuiba taarifa za watu kuwa kosa lenye faini hadi Sh300,000 au kifungo hadi miaka 3. Lakini mashtaka yanahitaji ushahidi, na waliotapeliwa wengi huufuta kwa hasira au aibu saa ile ile: ujumbe wenyewe, namba iliyopiga, msimbo wa muamala na saa yake. Vinne hivyo vibaki kwenye simu, na vinakiliwe kwenye karatasi.