Nyasi Bandia na Matunzo Yake katika Viwanja vya Pwani

Kisiwani Kilwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani ya Lindi, kandanda huchezwa juu ya mchanga na udongo uliokanyagwa hata ukawa mgumu. Kwa watu waliozoea kiwanja cha namna hiyo, habari za nyasi zisizokauka wakati wa kiangazi wala kugeuka tope wakati wa masika huvutia sana. Nyasi hizo zimekwisha kutandikwa katika viwanja vya Karume, Dar es Salaam, Nyamagana, Mwanza, Kaitaba, Bukoba, na Amaan, Unguja. Kosa hufanyika pale inapodhaniwa kwamba kitu kisichoota hakihitaji mtunzaji.

Nyasi bandia zilianza kujulikana mwaka 1966, zilipotandikwa katika jumba la Astrodome mjini Houston, Marekani, ambamo nyasi za asili zilikufa kwa kukosa mwanga. Za wakati huo zilikuwa fupi na kali, zikimchubua mchezaji kila alipoanguka. Za siku hizi ni nyuzi za plastiki zenye urefu wa kiasi cha sentimita 4 hadi 6, zilizoshonewa juu ya kitambaa kizito. Baina ya nyuzi humwagwa mchanga, na juu ya mchanga humwagwa chembe za mpira, aghalabu za matairi makuukuu yaliyosagwa. Chini ya zulia hilo kuna tabaka la kokoto la kupitishia maji. Mchanga hulikandamiza zulia lisihame, na chembe za mpira hupokea kishindo cha mguu. Kwa hakika mchezaji hukanyaga chembe zaidi kuliko anavyokanyaga nyasi.

Chembe hizo hazitulii. Mbele ya goli, kwenye alama ya penalti na kwenye pembe za kona, miguu huzisukuma kando hata kitambaa kikaonekana. Kwingineko hushindiliwa na kuwa ngumu kama sakafu. Njia ya Shirikisho la Kandanda Duniani ya kuupima ugumu huo ni rahisi kueleweka: mpira ukiangushwa kutoka kimo cha mita 2, urudi juu kati ya sentimita 60 na mita 1. Ukipita hapo, uwanja umekuwa mgumu, na vifundo na magoti ya vijana ndiyo yanayolipa. Mahali palipofunuka mishono pana hatari nyingine: mguu hunaswa huku mwili ukiendelea kugeuka.

Dawa yake si ghali ikilinganishwa na bei ya uwanja wenyewe. Brashi pana hukokotwa uwanjani kila juma, leo kwa upande huu na safari ijayo kwa upande mwingine, ili nyuzi zisimame na chembe zisambae. Pembe na mbele ya goli hurudishiwa chembe kwa reki kila baada ya mchezo. Nyuzi zilizoachwa zimelala hupigwa na jua upande mmoja, nazo hupasuka mapema. Uwanja ambao ungedumu miaka 8 au 10 huchakaa kabla ya wakati wake.

Pwani ina masharti yake. Mchana wa jua kali, uso wa nyasi bandia huweza kupita nyuzijoto 60, na maji yanayonyunyizwa huupoza kwa muda mfupi tu. Maji hayo yasiwe ya bahari, kwani chumvi hubaki juu ya zulia na kulisha kutu vyuma vya goli na mifereji. Wala mchanga wa ufukweni usitumiwe kujazia: umejaa vipande vya matumbawe na makombe, ambavyo husagika na kuziba njia ya maji. Mchanga unaotakiwa ni wa chembe ngumu za mviringo. Magugu nayo hayana heshima kwa plastiki. Mbegu moja ikishika katika vumbi lililokusanyika, mizizi hupenya kitambaa, kama inavyopenya chokaa ya kuta za magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi.

Lipo pia suala la bahari. Uwanja mmoja mkubwa huweza kubeba makumi ya tani za chembe za mpira, na mvua ya masika huzichukua. Mikoko ya Kilwa imo katika eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa, linalotambuliwa kimataifa tangu mwaka 2004. Wavuvi na wachimba chaza hutegemea maji yake. Kwa hiyo ukingo mfupi kuzunguka uwanja, na vichujio katika mifereji vinavyosafishwa kila mvua inaponyesha, ni sehemu ya matunzo kama ilivyo brashi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni itakayokomesha uuzaji wa chembe za plastiki na mpira za kujazia viwanja ifikapo Oktoba 2031.

Badala yake, viwanja vingine hujazwa gome la mti lililosagwa au nyuzi za makumbi ya nazi, kitu kisicho kigeni kwa mtu wa Lindi. Makumbi hayapati moto kama mpira, ila yataka unyevu na huoza polepole, hivyo hayana budi kuongezwa mara kwa mara.