Kipaji Hakikuja Kwako Ili Kiishie Kwako



Leo ukifika kanisani, kabla ya Misa kuanza, zitazame picha za Njia ya Msalaba. Je, unajua nani alizichora? Sasa jiulize swali la pili: katika jumuiya yako ndogo ndogo, nani anajua kuchora? Huenda yupo, ila wewe unamjua tu kama yule kijana ambaye bado hajapata kazi.

Nataka tumtafakari mchoraji mmoja, Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, Kilimanjaro, akasoma sanaa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Humo alichora kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu wake ni Mwafrika, na vilima vinavyomzunguka ni vya nchi ile ile waliyoomboleza waamini wale. Mama aliyefiwa na mwanawe aliweza kusimama mbele ya ukuta ule akaona kwamba Bwana aliteswa karibu naye.

Angeweza kutosheka na sifa hiyo. Lakini mwaka 1965, pamoja na wenzake, wakiwamo waandishi, alianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali pa wasanii kuonyesha kazi zao na kufundishana. Akawapa vijana onyo ambalo wengi wanalikumbuka: usiige, kwa maana kuiga humlaza Mungu usingizi. Mwaka 1997 moto uliteketeza jengo hilo pamoja na kazi nyingi za sanaa. Hata hivyo, milango haikufungwa moja kwa moja. Palianzwa upya.

Ndugu msomaji, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake ili achonge, atengeneze dhahabu na kupamba hema takatifu. Fundi wa mikono anajazwa Roho wa Mungu! Ukiendelea hadi sura ya 35, utaona alipewa pia moyo wa kuwafundisha wengine. Kipaji na kufundisha vilikuja katika zawadi moja. Anayekifungia kipaji chake ameipokea nusu tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa lililoufanya kuwa wake peke yake. Basi mlango uko wazi kwa mchoraji wa kigango chako. Mbona tunampita?

Tunampita kwa njia mbili. Wazazi tunamwambia mtoto aache michoro atafute maisha. Nasi wa parokia, tukihitaji picha, tunamlipa mwashi, tunamlipa fundi umeme, ila mchoraji tunamwambia, "Jitolee kwa Mungu." Yesu alisema mtenda kazi anastahili ujira wake, wala hakumtoa mchoraji.

Wiki hii fanya jambo moja. Kama wewe ni mzazi, mwombe mwanao akuonyeshe daftari lake la michoro, ulitazame bila kumcheka. Kama uko halmashauri ya walei, leta hoja: picha ijayo ya kanisa letu ichorwe na mtu wetu, na alipwe. Na wewe mwenye kipaji, tafuta mtoto mmoja umshikishe brashi. Siku moto utakapokuja, nao huja kwa sura nyingi, kile ulichomfundisha mwenzako hakitaungua.

Nawatakia Dominika njema na baraka tele.