Walezi wa Chuo Kinachoelea

Wale kati yetu waliopata kuvuka Ziwa Kivu kutoka Bukavu mpaka Goma wanajua ya kuwa abiria akishapanda melini hana tena pa kukimbilia. Akipatana na jirani yake, vema. Asipopatana naye, atamwona hivyo hivyo mpaka bandari itokee. Nasi twashukuru kwamba safari ile huisha upesi. Lakini wako watu wanaoishi namna hiyo kwa muda wa siku 100 hivi, wakipita bahari kubwa za dunia pamoja na mamia ya vijana waliowekwa mikononi mwao.

Desturi ya kusomea baharini ni ya zamani. Mwezi wa Septemba 1926, meli Ryndam iliondoka Hoboken, ng'ambo ya mto wa New York, ikiwa na wanafunzi karibu 500 wa Marekani. Ikarudi mwaka 1927 baada ya kuizunguka dunia. Mwaka 1963 kazi hiyo ilianzishwa upya kwa jina la Chuo Kikuu cha Bahari Saba. Tangu hapo imebadili majina na meli mara nyingi, na siku hizi yaitwa Semester at Sea. Mwaka 2015 ilianza kutumia meli World Odyssey, iliyojengwa Ujerumani. Kwetu Afrika wanafunzi hao wamekwisha kuonekana Mombasa na Cape Town. Naye Askofu Mkuu Desmond Tutu alisafiri pamoja nao mwaka 2007.

Mabaharia wana nahodha wao, na walimu wana madarasa yao. Sisi twataka kusema juu ya watumishi wa chuo wasiosifiwa sana: daktari na wauguzi, washauri wa wale wenye moyo mzito, mtunza vitabu, karani wa masomo, watayarishaji wa matembezi, na hasa walezi wa vyumba. Wengi wao huajiriwa kwa safari moja tu. Maana yake, wiki ya kwanza mlezi hupotea njia katika ngazi za meli sawasawa na kijana anayemwuliza njia.

Vyumba vya wanafunzi vimegawanywa mafungu, na kila fungu limepewa jina la bahari fulani. Mlezi hulala katika fungu lake. Usiku wa manane mlango wake hugongwa: huyu anatapika kwa sababu ya mawimbi, yule amepata habari ya msiba nyumbani, wawili wamegombana na hawataki tena kulala chumba kimoja. Mlezi mwenyewe huenda kichwa chamzunguka kwa mawimbi yale yale. Hata hivyo huvaa viatu akatoka. Asubuhi, akiwa ameshika sahani yake, kijana mwingine humketia karibu na kumwambia, "Nina neno dogo tu." Wenye kazi za mbele ya watu watatuelewa: neno dogo halijapata kuwa dogo.

Melini hakuna Jumamosi wala Jumapili ya kupumzika masomo. Maadamu meli imo safarini, madarasa yanafundishwa. Tena meli ikielekea mashariki, saa husogezwa mbele, na usiku hupungukiwa na saa moja. Jambo hilo likirudiwa mara kadhaa katika muda mfupi, hata mtu mpole huanza kujibu kwa ukali.

Wengine husema: kazi gani hiyo, kutembezwa duniani na kulipwa? Basi, tuitazame siku ya bandari. Jioni iliyotangulia wote wamekusanywa kuelezwa desturi za nchi, fedha zake, na hatari zake. Kesho yake vijana hushuka, kila mmoja akiacha alama ya kadi yake mlangoni. Baadhi ya watumishi hufuatana na makundi, wakichukua orodha ya majina na sanduku la dawa. Wengine ni wa zamu: mji wote uko mbele ya macho yao, nao wanangoja simu.

Hofu hiyo si ya bure. Mwezi wa Machi 1996, nchini India, basi lililowachukua wanafunzi wa safari hiyo lilipata ajali barabarani, na wanne kati yao wakafa. Mlezi aliyekabidhiwa watoto wa wenzake hahitaji kuelezwa habari kama hiyo mara mbili.

Na bahari nayo ina yake. Tarehe 26 Januari 2005, katika Pasifiki ya kaskazini, wimbi lenye urefu wa mita 15 hivi lilivunja madirisha ya chumba cha kuongozea meli katika meli Explorer, na mitambo ikaharibika. Melini mlikuwa na watu karibu 1,000. Vijana waliamriwa kuvaa maboya ya kujiokolea. Baada ya siku chache meli ilifika Honolulu ikijikokota. Fikirini saa zile: anayepaswa kuwatuliza wengine ni mtu asiyejua zaidi yao kama meli itaelea mpaka jioni.

Lakini siku nyingi taabu ni ndogo kuliko hiyo, nayo hurudi kila bandari. Saa ya kuondoka inakaribia. Anayechelewa hupunguziwa muda wake katika bandari inayofuata. Anayeachwa kabisa hujitafutia njia ya kuifikia meli kwa gharama yake mwenyewe. Walezi husimama juu ya ngazi na orodha. Majina yaliyobaki ni kumi, halafu manne, halafu moja. Teksi yasimama ghatini kwa kishindo, na msichana ateremka mbio, kiatu kimoja mkononi, akipanda ngazi huku anacheka. Mlezi wake hacheki. Aweka alama mbele ya jina la mwisho, ampisha, kisha aenda kuketi peke yake kidogo kabla mlango wake haujagongwa tena.